Shajara ya mradi: neno "snood", kamba moja na ndoana arobaini

Mradi wenyewe ni mdogo. Nataka kupata Kiswahili cha neno moja la uvuvi la Kiingereza, "snood", kisha niifunge hiyo snood kwa mikono yangu, niitose baharini, nione kama maelezo niliyoyaandika yanafuatika. Naongeza hapa kila hatua inapokwisha. Yaliyokwenda sawa nimeyapita haraka; anayetaka kuiga atafaidika zaidi na pale nilipoharibu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mkazi wa Tanga. Kabla ya hapa uvuvi wangu ulikuwa wa kuchagua samaki mnadani.

Jumamosi, 1 Februari 2025: swali

Mtoto wa kaka yangu anasomea uvuvi Mbegani, Bagamoyo. Jana usiku alinitumia picha ya ukurasa wa azimio la Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, lile la 2012 linalohusu ndege wa baharini wanaonaswa na meli za dhulumati, yaani zinazovua kwa kamba ndefu yenye ndoana nyingi. Neno moja alikuwa amelipigia mstari. Ujumbe wake: "Shikamoo shangazi. Snood ni nini? Nikitafuta naletewa wachezaji wa mpira."

Kweli. Ukitafuta picha, cha kwanza kuja ni shingo za akina Samir Nasri na Carlos Tevez, maana msimu wa 2010 kuingia 2011 wachezaji kadhaa wa Ligi Kuu ya Uingereza walivaa kile kitambaa cha duara cha kukinga shingo na baridi, mpaka IFAB, wenye sheria za mpira, wakakipiga marufuku Machi 2011. Ukishuka kidogo unakuta vifuko vya wavu vya kuhifadhia nywele kisogoni. Ukishuka zaidi unamkuta bata mzinga na ile nyama laini inayomning'inia juu ya mdomo. Nayo inaitwa snood.

Nikajibu haraka, kama mwalimu anayeulizwa swali kengele ishagonga: "Ni wavu fulani." Hilo ndilo kosa la kwanza la mradi. Halikugharimu shilingi, liligharimu heshima. Dakika mbili hazikupita akanisomea kifungu kizima. Azimio hilo la 2012 lilizitaka meli za dhulumati zilizovua kusini ya latitudo 25 Kusini zitumie angalau njia mbili kati ya tatu za kuwaepusha ndege: kutosa usiku, kuburuta kamba za kutishia ndege, au kuweka uzito kwenye snood, kwa mfano zaidi ya gramu 45 ndani ya mita moja kutoka kwenye ndoana.

"Sasa shangazi, wavu wa nywele unafungwa risasi ya nini?"

Sikulala vizuri.

Jumanne, 4 Februari: maana

Siku tatu za kamusi zenye historia ya maneno. Katika Kiingereza cha kale neno liliandikwa snōd, na maana yake ilikuwa utepe wa kufungia nywele. Scotland utepe huo ulivaliwa na wasichana ambao hawajaolewa. Akiolewa anaufungua, anajitanda kitambaa kama wake wenzake. Wavuvi nao wakalichukua wakalipeleka baharini.

Kwa msomaji wa bara: dhulumati ni kamba moja ndefu inayotandazwa baharini, na katika kamba hiyo zinatoka kamba fupi fupi, kila moja na ndoana yake. Ziwa Victoria wanaiita migonzo, ndiyo wanayovulia sangara. Basi kila moja ya zile fupi ni snood. Si kamba kubwa, si ndoana, wala si fundo. Ni kipande kilichopo kati ya kamba kubwa na ndoana, mwanzo wake mpaka mwisho wake.

Pwani ya mashariki ya Scotland kulikuwa na vijiji vilivyoishi kwa vipande hivyo. Kamba moja ya kuvulia karibu na pwani iliweza kubeba ndoana zaidi ya elfu moja, na wake na watoto wa mvuvi ndio waliokaa kubandua kome na kutia chambo ndoana moja moja kabla chombo hakijatoka. Snood zenyewe zilisokotwa kwa singa za farasi. Mimi nasuka ukili tangu nina miaka tisa. Nikipiga hesabu ya ndoana elfu moja kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi ile, naona ukili ni mchezo.

Jambo la matumizi lililonipotezea siku nzima: kitu hiki kimoja kina majina mengi, na jina linakwambia aliyeandika anatoka wapi. Waingereza, Waskoti na watu wa New Zealand wanasema snood. Wavuvi wa dhulumati wa Marekani na Kanada wanasema gangion, na wanalitamka kama "ganjeni". Vitabu vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, vinapenda branch line. Mmarekani anayevua kwa ndoana moja atasema snell, ambalo pia ni jina la fundo. Mwingereza anayevua kwa fimbo ufukweni anaita snood kile kipande cha nailoni kinachochomoza pembeni mwa mshipi wake na kubeba ndoana. Snood ndefu huitumia kwa samaki wanaolala mchangani, fupi akitaka kurusha mbali. Kwa siku moja niliamini gangion ni nene na snood ni nyembamba, nikaandika aya mbili juu ya tofauti hiyo. Nimezifuta. Unene haumo katika neno lolote kati ya hayo.

Rasimu ya kwanza ya Kiswahili: "kamba ya ndoana".

Jumamosi, 8 Februari: vifaa

Nimeamua kufunga dhulumati ndogo ya ndoana 40, ya kulaza chini, na kufuata maelezo yangu mwenyewe bila kuuliza mtu. Lengo lilikuwa kuona maandishi peke yake yanatosha au hayatoshi. Nilichonunua:

Kamba ya plastiki ya milimita 4, mita 100, shilingi 14,000. Nailoni namba 80, mita 100, 6,000. Ndoana 50 kwa 200 kila moja, 10,000. Risasi kilo moja ya kutengenezea chubwi, yaani vizito vya kuzamisha, 8,000. Jumla 38,000. Maboya ni madumu mawili ya mafuta ya kula niliyokuwa nayo, nanga ni mawe, na kamba za kushukia kutoka boya hadi nanga nimeazima kwa mzee mmoja wa ngalawa pale Sahare, aliyekubali pia kunipeleka kwa kifuta jasho cha 15,000 kila safari.

Ukinunua ndoana angalia kichwa chake. Zangu hazina tundu, zina kibapa tu juu ya shina. Nailoni haipiti popote, kwa hiyo fundo linashika shina: unalaza nailoni kwenye shina, unaizungusha mara saba, ncha unaipitisha ndani ya kitanzi, unavuta. Hilo ndilo fundo Wamarekani wanaloliita snell. Ndoana kumi na moja za kwanza nilizikaza kavu kavu na zote nikizivuta kwa nguvu zilikatika pale pale fundoni. Nailoni kavu ikikazwa inajiunguza. Ilowanishe kwa mate kwanza, ndipo uvute polepole mpaka mizunguko ilale sambamba kama ukili uliosukwa vizuri. Tangu nilipoanza kulowanisha haikukatika hata moja.

Urefu wa kila kipande nilichagua mita moja. Nafasi kati ya kimoja na kingine, mita moja. Kwa nini? Kwa sababu mita moja ni rahisi kupima: pua mpaka ncha ya vidole. Hiyo ndiyo sababu yote niliyokuwa nayo.

Jumamosi, 15 Februari: kutosa mara ya kwanza

Gharama ya leo: ngisi wa chambo 9,000, ngalawa 15,000. Jumla mpaka sasa 62,000. Mavuno: changu mmoja mwenye urefu wa kiganja.

Mzee alipoiona kamba kwenye beseni aliitazama kitambo, akauliza, "Mwalimu, hii imekwisha au bado?" Nikasema imekwisha. Akasema, "Haya." Nikafurahi. Sasa ndiyo najua "haya" ile ilikuwa ya namna gani.

Tulitosa saa kumi na mbili asubuhi, tukakaa kwa saa mbili, tukavuta. Ndoana sita za mwanzo zilikuja vizuri. Ya saba ilikuja imeshikana na ya nane. Kuanzia hapo zilikuja kwa mafungu: ndoana tatu zimekumbatiana, nailoni imejiviringisha kwenye kamba kubwa mara ishirini, chambo kimo ndani ya fundo kama tende ndani ya mkate. Fungu moja lilikuwa na ndoana tisa. Zaidi ya hapo, vipande vingi vilikuwa vimeteleza kwenye kamba kubwa na kukusanyika upande mmoja, kama mapazia yaliyosukumwa.

Mzee alicheka mpaka akaachia kafi. "Umezipa mikono mirefu, mwalimu. Mwenye mkono mrefu lazima atamshika jirani."

Makosa matatu, na nayaandika kwa mpangilio nilivyoyaelewa tukirudi.

Urefu dhidi ya nafasi. Vipande viwili jirani vya mita moja vilivyotengana kwa mita moja vinafikiana na kupitana. Ili visigusane hata vikilala kuelekeana, nafasi lazima izidi mara mbili ya urefu. Hili limeandikwa katika kila kitabu cha dhulumati nilichokuwa nimekifungua, na nililiruka kwa kuwa nilikuwa natafuta neno, si vipimo.

Kufunga kwenye kamba kubwa. Nailoni laini juu ya plastiki laini haishiki. Fundo nililolipiga mezani na kulijaribu kwa kidole halikustahimili mkondo.

Siku yenyewe. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 12, kwa hiyo tarehe 15 tulikuwa bado ndani ya bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kwa nguvu, na maji yalikuwa yakienda kasi. Mzee alijua. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwamba nilimwambia mapema nisielekezwe.

Jumatano, 19 Februari: kufungua, kufunga upya, na mshipi

Siku mbili za kufumua mafundo barazani. Ndoana nane zimeharibika ncha, nimezitupa. Nimefunga upya kwa sentimita 60 kila kipande na nafasi ya mita moja na nusu, ndoana 40 zinachukua mita 60 za kamba. Nailoni ile ile ya mita 100 imetosha raundi zote mbili, imebaki kidogo.

Kuhusu kuteleza, mzee alinifundisha, na safari hii niliomba mwenyewe. Kamba kubwa imesokotwa kwa nyuzi tatu. Unaisokotoa kinyume kwa vidole mpaka nyuzi ziachane, unaupenyeza mwisho wa nailoni katikati, unauzungusha, unaupenyeza tena, ndipo unapiga fundo. Kamba ukiiachia inajikaza yenyewe na kuuma nailoni. Kumi za kwanza nilitumia saa nzima. Ya arobaini nilikuwa napiga soga.

Ilikuwa katika soga hiyo neno lilipopatikana, au tuseme lilipoanza kupatikana. Nilimsomea maelezo yangu: "Kamba ya ndoana ifungwe kwenye kamba kuu..." Akanikatiza.

"Kamba ipi?"

"Hii," nikashika kipande cha nailoni.

"Hiyo si kamba. Kamba hii hapa," akagonga ile ya plastiki. "Hiyo ni mshipi."

Miaka thelathini nimefundisha lugha na sikuwa nimeona. Kwa mvuvi, kamba ni ya kufungia chombo, kushusha nanga, kutandaza. Kinachobeba ndoana ni mshipi, kiwe cha nailoni au cha pamba. Kwa hiyo "kamba ya ndoana" kwake ni dhulumati nzima, na ndiyo maana sentensi yangu ilimwambia afunge dhulumati kwenye dhulumati.

Nikarudi nyumbani nikaketi kitandani. Nyuma ya mlango kulikuwa kumening'inia gauni langu la hudhurungi na mshipi wake. Mshipi. Cha kufunga kiunoni na cha kuvulia samaki, neno moja, na hakuna mtoto wa pwani anayechanganyikiwa. Waskoti walitoa utepe kichwani mwa msichana wakautia ndoana. Sisi tumeutoa kiunoni. Nilikuwa nalishangaa neno la watu kwa wiki mbili nzima kumbe lugha yangu ilifanya jambo lile lile, tena nyuma ya mlango wangu.

Rasimu ya pili, basi: "mshipi mdogo". Nimempelekea mzee. Akasema mshipi mdogo ni mshipi mwembamba, namba 30 au 40, wa kuvulia vibua. Imekufa siku ile ile.

Jumamosi, 22 Februari: kutosa mara ya pili

Leo maji mafu, mkondo dhaifu. Chambo 9,000, ngalawa 15,000, na vile vizungushi vidogo vya chuma vinavyoruhusu nailoni kujizungusha bila kujisokota, 20 kwa 300, jumla 6,000. Mpaka sasa 92,000. Vizungushi nimeviweka kwenye ndoana 20 za mwanzo tu, makusudi, ili nilinganishe.

Mavuno: changu watatu, hongwe wawili, taa mmoja mdogo, na mkunga. Hakuna fungu hata moja la ndoana zilizokumbatiana, isipokuwa pale alipokuwa mkunga. Huyo alijifunga fundo yeye na kipande chake na vya majirani wawili, na mzee alikata vyote vitatu kwa kisu bila kuuliza, maana hataki meno yale ndani ya ngalawa. Sina neno. Upande wenye vizungushi nailoni ilirudi imenyooka. Upande usio navyo, vile vilivyokuwa na samaki vilirudi vimejisokota kama simu za zamani za mezani. Taa ndiye aliyesokota zaidi.

Tukiwa bado juu ya maji nilijaribu lile suala la gramu 45. Jana yake nilikwenda kwa sonara na kipande cha risasi nikamwomba mizani. "Mwalimu, hii hatununui," akasema, lakini alinipimia: 46. Nilifunga risasi hiyo nusu mita juu ya ndoana ya kipande kimoja, kingine nikakiacha kitupu, vyote na kipande cha ngisi kinacholingana, nikavitupa pamoja pembeni mwa ngalawa. Kitupu kilishuka kama mtu asiyetaka kwenda shule, kikielea na kuzunguka karibu na juu ya maji. Chenye risasi kilipotea machoni kabla sijamaliza kusema bismillahi. Nilimrekodia video mtoto wa kaka yangu. Ndege anayefuata meli anakula kile anachokiona juu ya maji. Akikosa kukiona, anakwenda zake. Sasa kile kifungu cha azimio nakielewa kwa macho, na naelewa kwa nini hawakusema uzito uwekwe "kwenye kamba" tu. Ukiuweka kwenye kamba kubwa, ndoana bado itachelewa juu.

Jumamosi, 1 Machi: kutosa mara ya tatu

Jaribio la pili lilikuwa na kasoro: nilibadilisha vipimo na siku kwa pamoja, nikatoka bamvua nikaenda maji mafu. Yawezekana sifa zote ni za maji mafu. Kwa hiyo leo, jana mwezi ulikuwa gizani kabisa, bamvua tena, tumetosa kamba ile ile ya sentimita 60 bila kubadili kitu.

Kupata ngalawa leo ilikuwa shida. Ni vunja jungu, kila mtu ana shughuli ya kula kabla Ramadhani haijaingia, na ngisi amepanda: chambo 12,000. Ngalawa 15,000 ile ile, ndoana nane za kufidia zile zilizoharibika 1,600. Jumla kuu 120,600.

Mkondo ulikuwa mkali kuliko wa tarehe 15. Tulivuta: ndoana mbili tu zilishikana, namba 31 na 32, na nilipopima nikakuta hapo nilikosea nafasi, sentimita 95 badala ya 150. Vingine vyote safi. Chewa mmoja wa kilo mbili na ushei, changu wawili. Chewa tumemla kwa nazi usiku ule ule, kwa mzee, na mke wake hakunidai hata nazi.

Basi kosa kubwa la mara ya kwanza lilikuwa urefu na nafasi. Bamvua iliongeza tu.

Jumatano, 12 Machi: maandishi

Ramadhani, hakuna kutosa. Nimekaa na maneno.

Rasimu ya tatu ilikuwa "tawi", kwa kufuata branch line ya FAO. Inasikika vizuri na nadhani vitabuni itafaa. Nikampa kijana mmoja wa diko (pale wavuvi wanaposhushia samaki), mwenye miaka kumi na tisa, asome na kufunga bila kunitazama: "Funga matawi kwenye kamba kuu, kila tawi na ndoana." Alifunga kipande kimoja, kisha kutoka kwenye kipande hicho akachomoza viwili vidogo, kila kimoja na ndoana. Nikamuuliza kwa nini. "Tawi lina vitawi," akasema. Ana haki. Mti aliousoma yeye ni wa kweli kuliko wangu.

Rasimu ya nne ni "kishipi", wingi "vishipi". Kijana yule yule alisoma "funga vishipi kwenye kamba", akachukua nailoni bila kuuliza, akakata fupi fupi, akafunga. Hakushika kamba ya plastiki hata mara moja. Mzee aliposikia alirudia mara mbili, "kishipi, kishipi," akasema ni neno la mtoto lakini linaeleweka. Aliyekataa ni jirani yangu muuza kanga: kwake kishipi ni cha gauni la mtoto wa chekechea. Nikamwambia hata wenyewe Waingereza ukiwaambia snood mjini watakuletea kitambaa cha shingo. Hakuridhika, na sidhani ana kosa; ila yeye havui.

Sidai kwamba kishipi ndilo neno la wavuvi wa pwani yote. Ni neno lililofaulu jaribio langu katika diko moja. Ukivua Kilwa, Lamu au Mwanza na mna jina lenu, tumieni lenu.

Jumatano, 2 Aprili: baada ya Idi

Mtoto wa kaka yangu amekuja kula Idi. Nimemkabidhi kamba, nailoni, ndoana tano na karatasi hii, nikaenda jikoni:

"Snood (kishipi, wingi vishipi): kipande kifupi cha mshipi kinachounganisha ndoana na kamba ndefu ya dhulumati. Mwisho mmoja umefungwa kwenye kamba, mwisho wa pili una ndoana. Vishipi viwili jirani viachane kwa nafasi inayozidi mara mbili ya urefu wa kimoja. Wamarekani huita gangion. FAO huita branch line. Uzito ukitajwa kwenye snood, hufungwa kwenye kishipi, karibu na ndoana, si kwenye kamba. Usichanganye na snood ya nywele, ya shingo, wala ya bata mzinga."

Niliporudi na chai alikuwa amefunga vyote vitano, nafasi sawa, mafundo yamelowanishwa. Kimoja tu kilikuwa na tatizo: fundo la ndoana alilipiga kwa mizunguko mitatu, kwa kuwa karatasi haikutaja saba. Nimeongeza mstari.

Alisoma tena ile sentensi ya bata mzinga, akacheka, akasema hiyo mwalimu wake ataikata. Akate. Hapa itabaki.

Kusi limeanza kujionyesha na mzee hatoki na ngalawa mbali kwa sasa. Dhulumati nimeiviringa kwenye beseni, ndoana zote nimezichomeka kwenye kipande cha ndala ya zamani zisimchome mtu. Kazi inayofuata tayari imewekwa mezani: katika azimio lile lile, kifungu cha juu yake, zile kamba za kutishia ndege zina jina lao, "tori line", na mtoto kauliza tori ni nani. Safari hii sijajibu.